Uhakiki wa Protini Hewa

Mamlaka ya Taifa ya Kumbukumbu za Protini inapenda kuutaarifu umma kwamba zoezi la kuhakiki protini hewa limekamilika kwa mafanikio makubwa. Walioondolewa wameondolewa kwa haki. Waliobaki wamebaki kwa ushahidi. Mkurugenzi Mkuu anaendelea vizuri, na kidole gumba chake kimeanza tena kufanana na vidole vingine.

Mimi ni Audax, Mkuu wa Kitengo cha Itifaki na Mawasiliano. Taarifa hii ninaiandikia nje ya geti la Mamlaka, kwenye kibanda cha chipsi kinachotazamana nalo, kwa sababu za kiutawala nitakazozieleza zamu yake ikifika. Mtaani kuna maneno mengi. Wapo wanaosema Mkurugenzi ameumwa na jiwe. Wapo wanaosema kompyuta ya serikali imerukwa na akili. Huo ni upotoshaji, na kazi yangu ni kuuwahi upotoshaji kabla haujazoeleka.

Kwa wasiofahamu, protini ni vijimashine vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyomo ndani ya kila kiumbe, kuanzia mhogo mpaka mheshimiwa. Hii inabeba hewa kwenye damu, ile inasaga chakula tumboni, nyingine kazi yake ni kuua. Wanasayansi huiandika kila protini kwa msururu mrefu wa herufi, kisha huweka maelezo: imetoka kwa kiumbe gani, inafanya nini, na nani kaiona ikifanya hivyo. Rekodi hizo zikikusanywa na kutunzwa mahali pamoja, hiyo ndiyo kanzidata. Daktari wa Temeke akikutana na sumu asiyoijua, anaingia humo kutafuta ndugu za sumu hiyo. Hiyo ndiyo faida yake, ingawa kwenye hotuba huwa tunaitaja mwishoni, muda ukiruhusu.

Mamlaka yetu iko Wazo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na nondo. Tulianza kwa kishindo. Tuliweka jiwe la msingi la jengo, ingawa jengo tumepanga. Tukaweka jiwe la msingi la kompyuta kubwa ya kuhifadhia rekodi. Tukaweka jiwe la msingi la kanzidata yenyewe, jambo ambalo mhandisi mmoja alisema haliwezekani, akahamishiwa Bunju. Likafuata jiwe la msingi la choo cha wageni mashuhuri. Mkurugenzi Mkuu wetu, Dkt. Revelian, ana mkono wa mawe. Udaktari wake ni wa heshima, na akiona jiwe limelala peke yake viganja vinamwasha. Uani kwetu huwezi kupita bila kujikwaa kwenye maendeleo.

Kujenga, kwa hiyo, tunakujua. Kilichokuwa kinatusumbua ni kutunza. Dkt. Tupokigwe alikuwa akituambia kwamba kanzidata ni kama kuku: ukimaliza kujenga banda ndiyo kazi inaanza. Yeye ndiye mhakiki wetu wa sayansi, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya chini na viatu vya raba. Kila utafiti mpya ukitoka ausome, kila rekodi yenye kosa airekebishe, kila penye ushahidi mpya auongeze. Kazi hiyo aliifanya peke yake, kwa kuwa nafasi nyingine zote zilihitajika kwenye uratibu. Mimi mwenyewe nilikuwa na waratibu wasaidizi wawili, mmoja wa vitambaa vya viti na mmoja wa maua.

Friji lake la sampuli lilikuwa bovu. Chumba pekee chenye kiyoyozi, kile cha kompyuta kubwa, kilikuwa kimejaa soda za uzinduzi.

"Mkurugenzi, sampuli zinaoza," alisema siku moja kikaoni. "Naomba barafu. Na kama inawezekana, posho kidogo kwa wanaotuletea sampuli kutoka pwani."

"Daktari, tuheshimu utaratibu," Dkt. Revelian alimjibu. "Posho ni ya mtu aliyekaa kikaoni. Sampuli haikai kikaoni. Sampuli haina posho, sampuli ina barafu. Audax, hilo litoke kama waraka."

Likatoka. Tangu siku hiyo barafu ikawa inakuja kila asubuhi, na posho ikabaki kwetu sisi tuliokaa kuijadili.

Sasa niwajulishe Rekodi 417, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kunduchi kuna mama anaitwa Naima, mkaanga samaki, ambaye sauti yake hufika mahali kabla yake. Mama mkwe wake alikuwa akitafuta pweza kwenye miamba maji yakipwa, akakanyaga samaki mmoja mbaya ambaye hulala chini akijifanya jiwe, miiba ya sumu imesimama mgongoni. Bibi wa watu hakufa, lakini tangu siku hiyo hajakanyaga chini sawasawa, anatembelea fimbo. Naima akamvizia samaki wa aina hiyo, akamtia kwenye ndoo, akampandisha mpaka Wazo.

"Daktari, mie sitaki hela yenu," alimwambia Tupokigwe, na ofisi nzima ikasikia. "Mie nataka aandikwe huyu mwanaharamu. Aandikwe na asifutwe! Hata kama nyie dawa hamuijui, atakuja mwenye akili zake aikute pa kuanzia."

Tupokigwe akamwahidi. Kutoka kwenye sumu ile akapata protini moja ambayo haikuwahi kuandikwa popote, akaisoma herufi zake zote, akaiingiza: Rekodi 417. Kilichojulikana ni kwamba maji ya moto yanaivunja. Penye kazi yake aliandika ukweli: haijulikani, kwa sababu sumu ina protini nyingi na hajui ipi inafanya lipi. Madaktari kadhaa wakaanza kuiulizia. Sampuli yenyewe ilishaoza siku za joto, kabla ya waraka wa barafu. Ilibaki rekodi tu.

Hapo ndipo Dkt. Revelian alipotoka Dodoma kwenye semina ya watumishi hewa, wale wanaolipwa mshahara bila kuwepo kazini, macho yakimng'aa.

"Daktari, rekodi ambazo kazi yake haijulikani ni ngapi?"

"Karibu nusu, Mkurugenzi. Ni hivyo dunia nzima. Herufi zake tunazo, kazi bado hatujaijua. Ndiyo sababu ya kuzitunza."

"Nusu!" Akasimama. "Nusu ya protini zangu zimekaa kwenye kompyuta ya serikali, kazi hazina, na hakuna anayeuliza? Hiyo kitaalamu inaitwaje?"

Kimya kikizidi, kukijaza ni jukumu la itifaki.

"Protini hewa," nikasema.

Mkurugenzi alinitazama kwa upendo ambao sitausahau. Kesho yake waraka ukatoka. Kila rekodi ithibitishe uhalali wake kabla ya saa sita mchana, siku ya Uzinduzi wa Awamu ya Pili. Iwe na barua ya serikali ya mtaa. Ifike ana kwa ana, yenyewe au kiumbe wake. Na iwe na ushahidi wa kazi yake, utolewe na mwingine na si kwa kauli yake yenyewe. Sharti hilo la mwisho Mkurugenzi alilikuta kwenye taratibu za Tupokigwe, akalipenda sana.

"Kwenye fani yetu protini haijisemei," Tupokigwe alimweleza.

"Safi kabisa," alisema Dkt. Revelian akitia saini. "Hata kwa binadamu ingefaa."

Tupokigwe alibaki baada ya kikao. Nilikuwepo, nikikusanya glasi. "Mkurugenzi, 417 naomba uiache. Sampuli imeoza, nakala nyingine hakuna. Nilimuahidi yule mama." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nakiri nilitazama pembeni.

"Sheria ni msumeno, Daktari," Dkt. Revelian alisema kwa upole, na akaenda kula.

Basi tukaanza kutekeleza. Niliongozana na Tupokigwe mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Mwenyekiti Alfonsi, mtu makini asiyegonga muhuri hovyo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Huyu Protini amepanga kwa nani?"

"Hajapanga, Mwenyekiti," alisema Tupokigwe. "Anakaa ndani ya samaki."

"Samaki yuko mtaa wangu?"

"Samaki yuko Kunduchi. Ila rekodi yake iko hapa, kwenye kompyuta yetu."

"Kwa hiyo amehamia." Akaandika. "Mbona hajaja kuripoti? Watu wanahamia tu, kesho likitokea la kutokea naulizwa mimi. Kazi yake?"

"Haijulikani."

"Vijana wa siku hizi." Akatikisa kichwa. "Ana ugomvi na majirani?"

Tupokigwe akafikiri, nadhani alimfikiria yule bibi wa fimbo. "Anao, Mwenyekiti."

Mwenyekiti Alfonsi akaandika kwamba mtajwa anafahamika mtaani hapo, ni mgomvi lakini hana rekodi ya wizi, apewe ushirikiano. Akagonga muhuri. Ndiyo barua pekee iliyopatikana. Protini nyingine hazikujitokeza wala kutuma ndugu.

Upande wa mitambo tulikuwa naye Talha, Afisa TEHAMA, kijana hodari lakini mlalamishi. Serikali inataka mifumo isomane, nasi tuna kompyuta moja, kwa hiyo Mkurugenzi akaagiza kila kitu kiingie humo: protini, watumishi, mishahara, geti la kuingilia. Watumishi wakaandikwa kwa utaratibu uleule wa protini: jina, asili, kazi, ushahidi. Barua za mtaa walishazileta walipoajiriwa.

"Braza, mie nilimwambia bosi watu tuwaweke kivyao," Talha alininong'oneza. "Akasema huo ni ubaguzi. Sasa huu mfumo haujui nani mtu nani protini. Ukiambiwa fagia, unafagia."

Nilimkumbusha kwamba mpangilio nimeuandaa mimi mwenyewe, na umezingatia itifaki. Namba za mwanzo nilikuwa nimeziacha wazi kwa heshima, na rekodi namba moja ni Dkt. Revelian, kwa picha ya suti. Wanafuata wakurugenzi, wakuu wa vitengo, waratibu, waratibu wasaidizi, watumishi wengine, na baada ya hapo ndiyo protini. Haiwezekani mheshimiwa akakaa nyuma ya mhogo.

"Na wa kusimamisha ni nani?" nikamuuliza.

"Bosi peke yake. Dole gumba la kulia. Kasema binadamu wengine wanahongeka. Na bosi akitoka kwenye uongozi, ngazi inashuka yenyewe kwa anayefuatia."

Utaratibu mzuri, niliona.

Siku ya uzinduzi uwanja ulipendeza. Mahema meupe, viti vimevalishwa, matarumbeta kutoka Temeke, na skrini kubwa ukutani ili wananchi waone protini hewa zikiondoka. Mgeni rasmi alikuwa Mama Herieth, Mwenyekiti wa Bodi, mwanamama wa ratiba. Ratiba ikisema asimame anasimama, ikisema acheke anacheka. Na ratiba, niliyoiandika kwa mkono wangu, ilisema hivi: Mkurugenzi Mkuu ataweka jiwe la msingi la Awamu ya Pili, atatoa tamko kwa sauti ya juu, papo hapo mgeni rasmi atabonyeza kitufe cha uhakiki.

Jiwe lenyewe lilikuwa njiani kutoka kwa fundi. Hilo nalikubali: lilichelewa.

Aliyewahi alikuwa Naima. Aliingia na bajaji mpaka mbele ya meza kuu, akashuka na beseni la maji ya bahari, akalibwaga mezani pembeni ya maua.

"Mmesema ana kwa ana," alitangaza. "Haya, huyo hapo. Kaja mwenyewe, na barua ya mwenyekiti anayo. Nani anataka kumfuta?"

Tupokigwe alisogea haraka. "Jamani, mtu asiguse hilo beseni. Tafadhali."

Mkurugenzi akaja, tai nyekundu, kamera nyuma yake. Akainama. Ndani ya beseni kulikuwa na kitu cha kijivu chenye vinundu, kimetulia kabisa.

"Aah," akasema. "Limefika."

"Shikamoo, mzee," alisema Naima. "Usiguse."

"Marahaba, mama. Mbona jiwe mmelitia kwenye maji?"

"Si jiwe hilo, baba yangu. Huyo ndo mwenye kesi."

Dkt. Revelian akacheka, akawageukia waandishi. "Wananchi wetu bwana! Mama, mimi nimeweka mawe nchi hii yote. Jiwe nalijua kwa kulitazama tu."

"Mkurugenzi, nakuomba," Tupokigwe alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Usiguse!"

"Siambiwi usiguse kwenye taasisi yangu, Daktari."

Akatabasamu kuelekea kamera, akazamisha mkono wa kulia, akanyanyua.

Tamko alilolitoa lilikuwa la sauti ya juu sana. Halikuwa lile nililomwandikia. Lakini Mama Herieth ni mtu wa ratiba: jiwe limenyanyuliwa, tamko limetoka, akabonyeza. Matarumbeta yakapigwa.

Mkurugenzi alikuwa chini kwenye zulia, ameshika mkono, anaita jina la mama yake. Watu wakakimbilia barafu, kwa kuwa barafu tulikuwa nayo.

"Barafu hapana!" Tupokigwe alipiga kelele. "Maji ya moto! Moto wa kuvumilika, yasimbabue! Protini ya sumu hii inavunjwa na joto, iko kwenye rekodi!"

Maji ya moto hayakuwepo. Kilichokuwepo ni chai ya maziwa na tangawizi ya meza kuu, ndani ya chupa kubwa ya wageni. Nilipinga, kwa kuwa chai ile ilishapangiwa matumizi. Mama Pili wa jikoni alinisukuma, akaimimina yote kwenye ndoo, akaipoza kidogo, na mkono wa Mkurugenzi ukazamishwa humo mpaka kwenye kifundo. Baada ya muda alianza kupumua kama binadamu wengine. Tupokigwe akamwambia gari la hospitali limeshaitwa na litakuja.

Ndipo Dkt. Revelian alipoinua macho kwenye skrini.

REKODI 1. Jina: Revelian. Kazi: kuongoza, kusimamia, kuratibu, kuhamasisha. Ushahidi: kauli yake mwenyewe. HEWA. Kuondolewa: saa sita kamili.

Chini yake wakafuata wakurugenzi wote, wamekolezwa nyekundu, kwa mpangilio uliozingatia itifaki.

"Talha!" aliunguruma. "Zima hicho kitu!"

Talha alishafika na kijimashine cha alama za vidole. "Bosi, weka dole gumba."

Dole gumba likatolewa kwenye chai. Lilikuwa limevimba, limewiva, linachuruzika maziwa. Mashine ikaliangalia, ikaandika: Kidole hiki hakifahamiki.

"Lifute! Jaribu tena!"

"Bosi, halina mistari. Limekuwa kiazi."

"Basi nirudishie jina kwa mkono!"

"Haiwezekani, bosi. Mifumo inasomana. Nikichezea huku, kule wizarani inasomeka nimeingiza mtumishi hewa. Ulipitisha mwenyewe."

Mkurugenzi akamgeukia Tupokigwe. Sijawahi kumwona akimtazama yule mama kwa muda mrefu namna ile.

"Daktari. Wewe ndiye mhakiki. Nithibitishie kazi yangu. Andika chochote."

"Siwezi kuandika nisichokiona, Mkurugenzi."

"Umefanya kazi na mimi miaka yote hii! Hujaniona?"

"Nimekuona," alisema Tupokigwe, na sauti ilikuwa imerudi chini. "Kazi ndiyo sijaiona."

Hapo watu wote walitazama saa zao. Naima akaangua kicheko.

"Sheria si msumeno? Msumeno unakata mbele na nyuma, baba. Daktari, usihangaike. Mzee si kaumwa? Sie wote hatujaona? Muandike hivyo hivyo!"

Tupokigwe akakaa kwenye kompyuta ya Talha, akafungua Rekodi 417. Penye kazi akafuta neno haijulikani, akaandika: ni sehemu ya sumu isababishayo maumivu makali. Penye ushahidi akaandika: Rekodi 1. Akafungua Rekodi 1. Vidole vyake vilikaa juu ya herufi bila kubonyeza.

"Mkurugenzi, sheria inataka ridhaa ya shahidi. Nikuandike kama ulivyoonekana? Kazi: ni sampuli ya ushahidi wa Rekodi 417. Cheo kingine sina uthibitisho nacho."

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza Dkt. Revelian.

"Bosi, usiulize," alisema Talha.

"Andika! Andika haraka!"

Akaandika. Kompyuta ikafikiri. Rekodi 1 na Rekodi 417 zikabadilika kuwa kijani, na mbele ya kila moja yakatokea maneno haya: Ushahidi hafifu, lakini upo. Tupokigwe alisema huo ndio ukweli wa kisayansi na hatauongezea chumvi.

Kisha saa sita ikafika, na mfumo ukafagia. Wakurugenzi wakaondoka. Wakuu wa vitengo wakaondoka. Niliiona rekodi yangu: Kazi: kuhakikisha itifaki imezingatiwa. Ushahidi: hakuna aliyelalamika. Nikaondoka. Akafuata wa vitambaa, na wa maua. Mama Pili wa jikoni akabaki, maana waliokunywa chai yake ni wengi kuliko waliosikia hotuba. Talha akabaki kwa ushahidi wa skrini yenyewe. Ufagio ulikuwa umemaliza watu na umefika mlangoni pa protini ya kwanza, ile ya mhogo, pale kompyuta iliposimama ghafla na kuandika: Rekodi 1 ni sampuli. Kiongozi hayupo. Anayefuatia mwenye kazi iliyothibitishwa: Tupokigwe. Weka kidole.

"Dokta," alisema Talha, "inakutaka wewe."

Dkt. Tupokigwe alipangusa dole gumba lake kwenye sketi na kuliweka. Lilikuwa kavu, na mistari yake ilisomeka yote. Kila kitu kikasimama. Hakuna protini hata moja iliyofutwa, na hiyo yote, naomba ieleweke, ni matunda ya mpangilio niliouandaa mimi. Naima alimkumbatia Tupokigwe mpaka miwani ikaanguka, wote wawili wakilia na kucheka kwa pamoja. Mama Herieth akapiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema makofi.

Nilipotoka kwenda kupokea gari la hospitali, geti lilijifunga nyuma yangu. Kadi yangu haisomeki tena. Mlinzi naye ni miongoni mwa waliobaki. Ushahidi wa kazi yake ni mimi.

Kwa hiyo hali ya Mamlaka hadi ninapoandika ni shwari. Kaimu Mkurugenzi Mkuu ni Dkt. Tupokigwe. Soda zimetolewa kwenye chumba cha kompyuta na friji limetengenezwa. Yale mawe ya msingi yamepangwa uani kuwa viti vya wanafunzi wanaokuja kujifunza kuhakiki rekodi, na wanakaa juu yake bila heshima yoyote. Wanaoleta sampuli kutoka pwani sasa wana posho. Juzi, kama alivyonisimulia Talha, Naima alikuja na mama mkwe wake, mguu uleule, fimbo ileile. Bibi akaomba aoneshwe mkono wa mheshimiwa. Akaushika, akaugeuza, akaupapasa kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Ila wewe ulikatazwa. Mie sikukatazwa na mtu."

Naye ameandikwa. Mbele ya Rekodi 417 ule ushahidi hafifu sasa unasomeka ushahidi wa kutosha, na madaktari wameanza kuifanyia kazi.

Dkt. Revelian yupo ndani. Kila siku anakaa kwenye chumba cha sampuli, kwa suti, na wageni wakifika ananyoosha kidole ili kionekane. Talha ananiambia kwamba Jumatatu alileta barua kwa Kaimu, iliyoandikwa vizuri sana, akieleza kwamba anakaa humo kutwa nzima, anakutana na wageni, anajibu maswali, na kwa hiyo anastahili posho.

Kaimu aliisoma mpaka mwisho. Akachukua faili la nyaraka, akatafuta waraka mmoja wenye saini ya Dkt. Revelian mwenyewe, akamsomea kwa sauti yake ileile ya chini.

Kisha akaagiza aletewe barafu.